Kutafuta kundi la ulinganifu la miungano ya dimensheni nne: mwongozo kamili kwa vikadi, kalamu na kompyuta

Chukua tetrahedroni mbili, yaani piramidi ambazo kila uso wake ni pembetatu sawa. Zipenyeze moja ndani ya nyingine hadi ncha zao nane ziwe kona nane za mchemraba. Unapata nyota ambayo Johannes Kepler aliiita stella octangula. Je, kuna njia ngapi za kuizungusha au kuiakisi kwenye kioo, ikarudi kukaa palepale ilipokuwa? Ni 48. Ukipenda utazihesabu moja moja hadi jioni. Lakini unaweza pia kusema hivi: tetrahedroni ya kwanza ina nafasi 2 za kutua, yake au ya mwenzake, na ikishatua inaweza kukaa kwa namna 24. Mbili mara 24, kwisha.

Mwongozo huu unaipeleka hesabu hiyo kwenye dimensheni nne. Huko macho hayatusaidii tena, lakini kuzidisha kunatusaidia vilevile. Unachohitaji kujua ni kujumlisha na kuzidisha vekta kidogo. Andaa karatasi ya manila, mkasi, kalamu tatu za rangi tofauti, na kompyuta kwa sehemu ya mwisho.

Maneno tutakayotumia

Mwondoko ni kugeuza kokote kusikobadilisha umbali kati ya nukta: kuzungusha, kuakisi, au vyote viwili pamoja. Kundi la ulinganifu la umbo ni miondoko yote inayolirudisha umbo hilo mahali pake. Muungano ni maumbo kadhaa yanayofanana, yenye kitovu kimoja, yaliyopenyezana. Kila umbo ndani yake nitaliita kipande. Nafasi zote ambazo kipande kinaweza kupelekwa na kundi ni mzingo wake, na idadi yake ni urefu wa mzingo. Miondoko inayokirudisha kipande hicho juu ya nafasi yake mwenyewe ni kundi baki la kipande. Kanuni yenyewe ni hii:

ukubwa wa kundi = urefu wa mzingo × ukubwa wa kundi baki

Kanuni ni fupi, lakini kila upande wake una mtego. Kwenye mzingo, hairuhusiwi kudhani kwamba kipande kinaweza kufika nafasi fulani. Lazima uuonyeshe mwondoko unaokifikisha. Kwenye kundi baki, hairuhusiwi kudhani kwamba kipande kinaingia kwenye muungano na ulinganifu wake wote. Mara nyingi kinapoteza sehemu yake mlangoni.

Hatua ya 1: Fahamu maumbo sita na hesabu zake

Dimensheni tatu zina maumbo matano sawia (yenye nyuso na kona zote zinazofanana) yaliyo mbinuko, yaani yasiyobonyea ndani popote. Dimensheni nne zina sita. Aliyeyagundua ni Ludwig Schläfli wa Uswisi, katikati ya karne ya 19, lakini kazi yake kamili ilichapishwa mwaka 1901, miaka sita baada ya kifo chake. Majina nitakayotumia yanataja idadi ya seli, yaani vyumba vya dimensheni tatu vinavyolizunguka umbo:

- seli-5: ncha 5, seli ni tetrahedroni
- seli-8, au tesarakti: ncha 16, seli ni michemraba
- seli-16: ncha 8, seli ni tetrahedroni
- seli-24: ncha 24, seli ni oktahedroni (umbo la pembetatu sawa 8)
- seli-120: ncha 600, seli ni dodekahedroni (umbo la nyuso 12 za pembe tano)
- seli-600: ncha 120, seli ni tetrahedroni

Usikariri ukubwa wa makundi yake. Upate kwa kanuni ileile, ukitumia ncha badala ya vipande. Kila ncha inaweza kwenda kwenye ncha yoyote, na miondoko inayoiacha ncha pale ilipo ni ulinganifu wa umbo dogo linaloonekana ukiikata kona hiyo. Kwenye seli-16 umbo hilo ni oktahedroni, yenye miondoko 48, kwa hiyo 8 × 48 = 384. Kwenye seli-24 ni mchemraba: 24 × 48 = 1,152. Kwenye seli-600 ni ikosahedroni (umbo la pembetatu sawa 20), yenye miondoko 120: 120 × 120 = 14,400. Seli-5 inatoa 5 × 24 = 120. Tesarakti ni mwenza wa seli-16, yaani ncha za moja zinaelekea katikati ya seli za nyingine, na kundi lao ni lilelile la 384. Seli-120 na seli-600 ni wenza pia.

Hatua ya 2: Kata vikadi 24

Kata manila vipande 24 vya ukubwa wa kiganja. Juu ya kila kimoja andika ncha moja ya seli-24. Nane za kwanza ni (±1, 0, 0, 0) pamoja na mipangilio yake: 1 au −1 mahali pamoja, sifuri kwingine. Kumi na sita zinazobaki ni (±½, ±½, ±½, ±½), ishara zote zinazowezekana.

Sasa paka rangi. Zile nane za mhimili ziwe nyekundu. Zenye nusu na idadi shufwa ya alama za kutoa (0, 2 au 4) ziwe kijani. Zenye idadi witiri (1 au 3) ziwe bluu. Utapata nyekundu 8, kijani 8, bluu 8.

Alicia Boole Stott, aliyezaliwa Cork huko Ireland mwaka 1860, alitengeneza kwa kadibodi mikato ya maumbo haya ya dimensheni nne. Namtaja kwa sababu wengi wanaona aibu kushika mkasi katika hisabati ya ngazi hii. Usione. Siku nilipovipanga vikadi hivi sakafuni ndipo nilipoelewa jambo ambalo kurasa nyingi za alama hazikuwa zimenifikishia.

Hatua ya 3: Hakikisha rangi ni za umbo lenyewe, si zako

Okota vikadi viwili, zidisha namba za mahali pa kwanza kwa za kwanza, pili kwa pili, na kuendelea, kisha jumlisha. Hilo ni zao la nukta. Mfano: (1, 0, 0, 0) na (½, ½, −½, −½) vinatoa ½. Nao (½, ½, ½, ½) na (½, ½, −½, −½), vyote kijani, vinatoa ¼ + ¼ − ¼ − ¼ = 0.

Endelea hadi uridhike. Vikadi viwili vya rangi moja, ikiwa si kilekile, vinatoa 0 au −1 tu. Vya rangi mbili tofauti vinatoa ½ au −½ tu. Sababu yake ni rahisi kwa zile za nusu: zikitofautiana ishara mahali 2 unapata 0, mahali 4 unapata −1, mahali 1 au 3 unapata ½ au −½, na rangi moja hutofautiana mahali shufwa siku zote. Kwa hiyo ncha nane za rangi moja ni jozi nne za vekta kinyume, kila jozi wima kwa nyingine: hiyo ni seli-16.

Hapa ndipo penye uzito wa kazi nzima, kwa hiyo nakaa kidogo. Mwondoko haubadilishi mazao ya nukta. Kama ncha mbili ni za rangi moja kabla ya mwondoko, zitakuwa za rangi moja baada yake, kwa sababu rangi inasomeka kutoka kwenye zao. Rangi zenyewe zinaweza kubadilishana, nyekundu yote ikawa bluu yote, lakini rangi moja haiwezi kupasuka. Kwa hiyo kila mwondoko wa seli-24 ni mwondoko wa muungano wa seli-16 tatu: nyekundu, kijani na bluu. Kinyume chake ni dhahiri: mwondoko wa muungano unazirudisha ncha zote 24, basi ni mwondoko wa seli-24. Makundi mawili ni kundi moja. Ukubwa wake ni 1,152.

Hatua ya 4: Ithibitishe kwa kuzidisha, na uone nani anahama

Kanuni inadai 1,152 = 3 × kundi baki, yaani 384, ambayo ni kundi zima la seli-16. Kipande hakikupoteza chochote. Lakini tusiamini namba peke yake. Tuonyeshe miondoko inayohamisha rangi.

Kuakisi kwenye kioo kilicho wima kwa vekta r yenye urefu 1 hufanyika hivi: ondoa kutoka kwa x mara mbili ya zao la x na r, ukizidisha na r. Weka r = (½, ½, ½, ½), ambacho ni kikadi cha kijani. Peleka kikadi chekundu (1, 0, 0, 0): zao ni ½, mara mbili ni 1, kwa hiyo matokeo ni (1, 0, 0, 0) − (½, ½, ½, ½) = (½, −½, −½, −½). Alama tatu za kutoa: bluu. Kioo cha kijani kimebadilishana nyekundu na bluu, na kijani kimebaki kijani. Sasa jaribu kioo chekundu, r = (1, 0, 0, 0). Kinageuza ishara ya mahali pa kwanza tu, basi shufwa inakuwa witiri: kijani na bluu zinabadilishana. Kwa vioo hivi viwili unaweza kuzipanga rangi tatu kwa namna zote sita.

Miondoko isiyohamisha rangi yoyote ni kiini cha muungano. Ni 1,152 ÷ 6 = 192. Unaweza kuigusa kwa mkono: ni kupanga upya mahali pa namba nne (njia 24) na kugeuza ishara mahali shufwa (njia 8); 24 × 8 = 192. Namba zinapokutana hivi kutoka njia mbili tofauti, una haki ya kulala usingizi.

Kutoka hapa tesarakti tatu zinakuja bure. Kijani na bluu kwa pamoja ni ncha 16 zenye nusu: tesarakti. Nyekundu na bluu ni nyingine, nyekundu na kijani ya tatu. Kila tesarakti inatambulika kwa rangi inayoikosa, hivyo mwondoko unaohamisha rangi unahamisha tesarakti, na kundi ni lilelile la 1,152. Tofauti ni kwamba kila ncha ya seli-24 sasa inatumiwa na tesarakti mbili.

Hatua ya 5: Miungano ya umbo na mwenza wake

Seli-5 na seli-24 ni wenza wa nafsi zao. Kila moja unaweza kuipenyeza ndani ya mwenza wake.

Kwa seli-5, mwenza ni ncha zilezile zikigeuzwa ishara: v inakuwa −v. Ndani ya kipande kimoja zao la ncha mbili ni −¼. Kati ya vipande ni ¼ au −1. Rangi zinasomeka tena. Mwondoko wa kubadilishana vipande upo mkononi, ule wa kugeuza ishara zote. Kundi: 2 × 120 = 240. Angalia jambo moja linalowachanganya waliozoea dimensheni tatu. Huku kwetu kugeuza ishara zote ni kitendo cha kioo. Mkono wa kulia unakuwa wa kushoto. Kwenye dimensheni nne ni mzunguko halali, kwa sababu alama nne za kutoa zinafutana mbili mbili.

Kwa seli-24, mwenza ana ncha (±1, ±1, 0, 0) na mipangilio yake, zikigawanywa kwa kipeuo cha pili cha 2 ili urefu uwe 1. Hizo nazo ni 24. Miondoko 1,152 inavirudisha vipande vyote viwili. Je, upo unaovibadilishana? Huu hapa: peleka (a, b, c, d) kwenda (a+b, a−b, c+d, c−d), kisha gawanya kila namba kwa kipeuo cha pili cha 2. Mpe (1, 0, 0, 0) na atakupa (1, 1, 0, 0) iliyogawanywa. Mpe (½, ½, ½, ½) na atakupa (1, 0, 1, 0) iliyogawanywa. Ukiurudia mara mbili kila kitu kinarudi nyumbani. Kundi: 2 × 1,152 = 2,304.

Hatua ya 6: Seli-24 tano ndani ya seli-600, na mtego wa mikono miwili

Hapa ndipo niliponaswa, na ndiyo sababu ya kuandika mwongozo huu.

Ncha 120 za seli-600 ni zile 24 za vikadi vyetu, pamoja na 96 nyingine: mipangilio shufwa (inayopatikana kwa kubadilishana namba mbili mbili mara shufwa) ya (±φ, ±1, ±1/φ, 0) ikigawanywa kwa 2, ambapo φ ni uwiano wa dhahabu, karibu 1.618. Kwa kuwa 120 ÷ 24 = 5, inawezekana ncha hizi zigawanyike katika seli-24 tano zisizoshirikiana ncha hata moja. Kweli zinagawanyika. Kundi la muungano huo lina ukubwa gani?

Anza kwa kuondoa majibu yasiyowezekana. Muungano unatumia ncha zote 120, kwa hiyo kundi lake limo ndani ya lile la 14,400, na ukubwa wake lazima uigawanye 14,400 bila baki. Jibu la pupa, 5 × 1,152 = 5,760, linaanguka papo hapo: 14,400 ÷ 5,760 ni 2.5. Jibu la pupa la pili, 14,400 lenyewe, linaanguka pia: kundi baki lingekuwa 2,880, na seli-24 haina zaidi ya miondoko 1,152. Mimi niliandika 2,880 kwa muungano mzima. Inagawanyika vizuri, inatoa kundi baki la 576, na niliiacha hivyo wiki kadhaa. Si sahihi.

Ili kuona kwa nini, tunahitaji kwaternioni, namba ambazo William Rowan Hamilton alizipata Dublin tarehe 16 Oktoba 1843. Soma vekta (a, b, c, d) kama a + bi + cj + dk, na uzidishe kwa kanuni i² = j² = k² = −1, ij = k, ji = −k, na vivyo hivyo kwa mzunguko wa herufi: jk = i, ki = j. Utaratibu wa kuzidisha una maana. Kushoto si kulia. Urefu wa zao ni zao la urefu, kwa hiyo kuzidisha x kwa a upande wa kushoto na b upande wa kulia, zote zenye urefu 1, ni mzunguko.

Maajabu ni haya: vikadi vyekundu 8 ni kundi kwa kuzidisha, yaani zao la viwili vyovyote ni kimojawapo kati yao. Vikadi vyote 24 ni kundi, nitaliita T. Ncha zote 120 ni kundi; nitaliita I. Jiometria na aljebra zimelala kwenye kitanda kimoja. Ukizidisha kundi dogo lote kwa namba moja ya kundi kubwa, unachopata kinaitwa koseti. Seli-16 tatu ndani ya seli-24 ni koseti tatu za vyekundu ndani ya T, na seli-24 tano ni koseti tano za T ndani ya I.

Tuitazame moja kwa karibu. Chukua g = (φ/2, ½, 1/(2φ), 0), yaani takribani (0.809, 0.5, 0.309, 0). Zidisha vyekundu kwa g upande wa kushoto:

g × 1 = (0.809, 0.5, 0.309, 0)
g × i = (−0.5, 0.809, 0, −0.309)
g × j = (−0.309, 0, 0.809, 0.5)
g × k = (0, 0.309, −0.5, 0.809)

Zao la nukta la mistari yoyote miwili ni sifuri. Ukiongeza zile zenye ishara kinyume unapata seli-16 mpya, iliyogeuzwa, ikiwa imekaa juu ya ncha za seli-600. Fanya hivyo kwa T yote na unapata seli-24 ya pili, gT. Endelea: g²T, g³T, g⁴T. Kila kuzidisha kwa g kunasogeza kila nukta ya anga kwa nyuzi 36; baada ya mara tano kila ncha imefika upande wa pili, kwenye −x, na kila seli-24 imerudi juu ya nafasi yake. Mzingo wa vipande vitano umethibitishwa.

Sasa mtego. Hizo tano tulizipata kwa kuzidisha kushoto. Tungezidisha kulia tungepata T, Tg, Tg², Tg³, Tg⁴: nazo ni seli-24 tano zinazogawana ncha 120, lakini ni mgawanyo mwingine! Kipande T kimo katika zote mbili. Vingine vyote ni tofauti. Ukihesabu seli-24 zote zilizomo ndani ya seli-600 utapata 25. Chora jedwali la safu mlalo 5 na safu wima 5, uweke seli-24 moja kwenye kila kisanduku. Inawezekana kuzipanga hivi kwamba kila safu mlalo ni mgawanyo wa aina ya kushoto na kila safu wima ni mgawanyo wa aina ya kulia. Migawanyo yote ni 10.

Kwenye jedwali hilo jibu linaonekana kwa macho. Mizunguko ya seli-600 ni 7,200, nusu ya 14,400. Mizunguko huhamisha mlalo kwenda mlalo na wima kwenda wima. Miondoko ya kioo, kama ule wa kugeuza ishara za i, j na k, hulaza jedwali: mlalo unakuwa wima. Basi:

- Kisanduku kimoja: 7,200 ÷ 25 = mizunguko 288, na vioo vinavyokiacha 288 vingine. Jumla 576. Hapa ndipo namba yangu ya 576 ilipotoka, na kwa seli-24 iliyo peke yake ndani ya seli-600 ni sahihi.
- Safu mlalo moja, yaani muungano wetu: 7,200 ÷ 5 = mizunguko 1,440. Vioo: hakuna hata kimoja, kwa sababu kila kioo kinaugeuza mlalo kuwa wima.

Kundi la muungano wa seli-24 tano lina miondoko 1,440, na kundi baki la kila kipande ni 1,440 ÷ 5 = 288. Kila seli-24 kati ya hizo tano, peke yake, ina vioo tele. Zikiungana, vioo vyote vinatoweka. Muungano una mkono: upo wa kushoto na upo wa kulia, na hakuna mzunguko utakaogeuza mmoja kuwa mwingine. Tetrahedroni tano ndani ya dodekahedroni zina tabia hiyohiyo kwenye dimensheni tatu, kundi lao likiwa na mizunguko 60 tu. Aliyewahi kuzikunja kwa karatasi anajua kwamba zinajipinda upande mmoja. Ukitaka vioo virudi, chukua visanduku vyote 25 kwa pamoja: kundi ni 14,400 kamili, na kila ncha inatumiwa na seli-24 tano.

Hatua ya 7: Kagua kwa kompyuta bila desimali

Programu ya kukagua hili ni fupi, mistari isiyozidi hamsini ya Python, lakini wengi huiharibu mapema kwa kutumia desimali. Kompyuta inaweza kuona 0.30901699 na 0.30901700 kama namba mbili tofauti, na kundi lako linavunjika bila kukuambia. Tumia namba kamili. Kila namba tunayoihitaji ni (p + q√5) ÷ 4, ambapo p na q ni namba kamili: 1 ni (4, 0), ½ ni (2, 0), φ/2 ni (1, 1), na 1/(2φ) ni (−1, 1). Kuzidisha (p, q) na (r, s) kunatoa pr + 5qs na ps + qr. Jumlisha mazao yote ya mahali pamoja kwanza, ndipo ugawanye kwa 4. Ukigawanya kabla ya kujumlisha unaweza kupata baki na kudhani umekosea kanuni.

Kisha fuata mtiririko huu. Tengeneza ncha 120 na hakikisha zao la yoyote mbili limo kwenye orodha. Kama halimo, umetumia mpangilio witiri mahali fulani kati ya zile 96. Gawanya ncha katika koseti tano za kushoto. Pitia jozi zote (a, b) kutoka kwenye orodha, 120 × 120, na kwa kila jozi angalia kama kuzidisha a kushoto na b kulia kunapeleka koseti kwenye koseti. Jozi zitakazopita ni 2,880. Gawanya kwa 2, kwa sababu (a, b) na (−a, −b) ni mwondoko mmoja: 1,440. Kusahau kugawanya huko kunakurudisha kwenye 2,880, jibu lilelile lisilo sahihi kwa njia nyingine kabisa, na mtu anaweza kudhani kompyuta imemuunga mkono. Mwisho, rudia jaribio ukigeuza kwanza ishara za i, j na k za x kabla ya kuzidisha. Zitakazopita ni sifuri.

Miungano mingine ya kujaribu

H. S. M. Coxeter, aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Toronto, aliorodhesha miungano sawia ya dimensheni nne katika kitabu chake cha mwaka 1948, na kwa miongo mingi orodha hiyo ilidhaniwa imekamilika. Mwaka 2018 Peter McMullen alionyesha mingine isiyokuwamo. Kwa hiyo usione uwanja huu kama shamba lililokwisha vunwa.

Anza na seli-16 kumi na tano, yaani koseti za kushoto za vikadi vyekundu ndani ya I. Zinatumia ncha zote 120 mara moja moja. Utakuta kundi la 1,440 tena, lilelile la seli-24 tano, lakini safari hii kundi baki ni 96. Kisha seli-16 zote 75, tatu kutoka kila kisanduku cha jedwali: kundi 14,400, kundi baki 192, na vioo vipo. Halafu hamia seli-120. Ncha zake 600 zinagawanyika katika seli-5 zipatazo 120, kila ncha ikiwa na seli-5 moja tu. Kundi la muungano huo ni 14,400 lote, na 14,400 ÷ 120 = 120: kila seli-5 imeingia na ulinganifu wake mzima, vioo vikiwemo. Kwa huo wa mwisho, usitumie vikadi, manila itakuishia.